Mita ikisoma sifuri, supakondakta bado

Swali: Nimechoma mchanganyiko wa oksidi ya shaba na metali nyingine tatu. Nikipima kwa waya nne (mbili za mkondo, mbili za volteji) na mkondo wa miliampea 1, ukinzani unaporomoka ghafla kwenye kelvini 240 na mita inasoma sifuri. Kipande kingine kinanyanyua ukingo mmoja juu ya sumaku. Je, nitangaze kwamba nimepata supakondakta, yaani kitu kisicho na ukinzani wowote wa umeme? Na mchanganyiko unaofuata niuchague kwa programu ya kubashiri joto mpito, yaani joto ambalo chini yake kitu kinakuwa supakondakta?

Jibu: Usitangaze. Sifuri ya mita yako haimaanishi kwamba ukinzani umekwisha. Maana yake ni kwamba volteji imeshuka chini ya kile mita inachoweza kuona. Chukua kipande cha shaba ya kawaida, urefu milimita 10, upana na unene milimita 2. Kwenye joto la chumba ukinzani wake ni maikroohomu 42 hivi. Miliampea 1 ikipita humo unapata nanovolti 42. Kama mita yako haioni chini ya maikrovolti 1, basi shaba hiyo nayo ni "supakondakta".

Kabla ya yote, kagua viungo. Sampuli hujikunja inapopoa, na gundi ya fedha hupasuka. Waya za volteji zikiachia, mita hubaki na kelele zinazochezacheza kando ya sifuri, nawe unafurahia waya uliokatika. Ukiwa chini ya kelvini 240, pima ukinzani kati ya waya mbili za volteji peke yake: ohomu chache ni sawa, megaohomu maana yake kiungo kimekufa. Geuza mwelekeo wa mkondo, toa somo moja kutoka jingine, gawa kwa mbili. Hapo volteji inayoletwa na tofauti ya joto kwenye viungo inaondoka. Kisha badilisha waya za mkondo ziwe za volteji na za volteji ziwe za mkondo. Jibu lisipobaki lile lile, kuna kasoro kwenye viungo au kwenye kipimo; lakini hata likibaki lile lile, mkondo bado unaweza kuwa unakwepa viungo vyako ndani ya kidonge chenye muundo usio sawa kote.

Hilo la ukingo ndilo linalonichosha zaidi. Punje chache za kitu kinachovutwa na sumaku zinatosha kusimamisha kipande kwa upande mmoja. Supakondakta inayonasa mistari ya sumaku hukaa hewani bila kugusa popote, na hata ukiigeuza chini ya sumaku inaning'inia. Kipimo chenyewe ni hiki: poza bila uga wa sumaku, washa uga wa millitesla 1, pima usumaku huku ukipasha joto, kisha rudia ukipoza ndani ya uga. Uwiano wa usumaku kwa uga unapaswa kukaribia −1 katika vizio vya SI, baada ya kusahihisha umbo, maana bapa jembamba lililosimamishwa kukatiza uga hukuza namba kupita kiasi. Halafu saga kidonge upime tena: ganda jembamba la nje linaweza kukinga ujazo wote likakudanganya.

LK-99, iliyotangazwa mwaka 2023 kuwa supakondakta ya joto la chumba, ilikuwa na dalili hizi hizi mbili. Ule mporomoko wa ukinzani karibu na nyuzi 104 za selsiasi ulitoka kwenye salfaidi ya shaba iliyobaki kama uchafu, ambayo hubadili muundo wake wa fuwele kwenye joto hilo. Fuwele safi zilizokuzwa Stuttgart bila salfa zilikuwa kihami. Eksirei za unga hazikuokoi hapa, kwa sababu uchafu wa asilimia moja unaweza kupita bila kuonekana.

Kuhusu programu: nyingi zimefunzwa kwa orodha za vitu ambavyo tayari vinajulikana, na majaribio yaliyoshindwa hayamo. Ndiyo maana zinakurudishia binamu za kuprati (supakondakta za oksidi ya shaba) na kukupa namba nzuri kwa kitu kisichoweza hata kuundwa. Hesabu za mitetemo ya fuwele ni jambo tofauti: zilitabiri haidridi ya salfa mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikapimwa kelvini 203, ila kwa shinikizo la gigapaskali 150 na zaidi. Kwa oksidi za shaba hesabu hizo hazifai, kwani si mitetemo pekee inayozifanya zifanye kazi. Anayekuuzia njia ya mkato hapo anakuuzia bahati nasibu.

Anza na sampuli unayoijua. Kwa gramu 10 za YBCO, kuprati ya itriamu na bariamu, pima gramu 1.695 za oksidi ya itriamu, 5.924 za kabonati ya bariamu (ni sumu, vaa barakoa na glavu) na 3.582 za oksidi ya shaba. Saga, choma nyuzi 930 za selsiasi kwa saa 12, saga tena, kandamiza kidonge, choma tena, kisha poza polepole ndani ya oksijeni, ukisimama nyuzi 450 usiku kucha. Kidonge kiwe cheusi. Madoa ya kijani ni awamu nyingine, yaani kampaundi isiyo YBCO, kwa kawaida kwa sababu hukusaga vya kutosha au ulikosea mizani. Ukipata mpito kwenye kelvini 60 badala ya 92, oksijeni haikuingia: irudishe kwenye nyuzi 450. Na mpito ukitokea kwenye 97 wakati wa kupasha na 87 wakati wa kupoza, sampuli haina kosa. Kipimajoto chako kiko mbali nayo, au unakwenda haraka mno.