Msitu Hauna Siri: Kwa Mpwa Wangu, na kwa Kila Aliyeahidiwa Fedha ya Bangi Mlimani

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu usiku, saa nne kasoro, akiongea kwa sauti ya chini. Alinisalimia, nikaitika, kisha akanyamaza kidogo. Alitaka kujua kama bado naikumbuka njia ya kupandia juu, ile niliyokuwa nikipita zamani. Kuna mtu kutoka mjini ameahidi kumletea mbegu za bangi na fedha ya chakula. Yeye kazi yake iwe kulima na kufunga mdomo.

Sikumjibu usiku ule. Namjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Maneno hayo aliyoambiwa niliambiwa mimi pia.

Mimi ni Mluguru wa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, huku Matombo, mkoani Morogoro. Kwetu mjomba si ndugu wa kusalimiana tu. Ardhi tunaipata upande wa mama, na mjomba ndiye anayekushika mkono kukuonyesha mpaka wako unaanzia mti gani na kuishia jiwe lipi. Kwa hiyo mjomba wangu aliponiita mwaka 2017 akasema kuna shamba la kusaidia huko juu, sikuuliza shamba la nini. Nilikuwa na miaka 23, sina kazi, na mahindi ya mwaka ule yalikuwa yamekaukia shambani.

Shamba lilikuwa la bangi, ndani ya hifadhi, mwendo wa saa tatu kutoka nyumba ya mwisho ya kijiji. Kazi yangu ilikuwa kubeba unga, dagaa, chumvi na mafuta, mara mbili kwa wiki. Binamu yangu, mdogo wangu kwa miaka miwili, ndiye aliyekaa huko akilinda. Alilala kwenye kibanda cha majani ambacho hakikuwahi kukauka. Usiku asiwashe moto mkubwa, mchana asipige kelele, na mvua za mlimani mnazijua: zikianza Machi, hata blanketi linaota ukungu. Alikohoa miezi mitatu. Hakushuka hospitali kwa sababu angeulizwa anatoka wapi.

Watu wakizungumzia kilimo hiki husimulia mbinu. Wengine wanachanganya na mahindi, wengine wanakwenda kwenye mabonde ambayo hata wawindaji hawafiki, kila mmoja ana ujanja wake anaoamini haujafikiriwa na mwingine. Nimezisikia nyingi na sitazieleza, kwa sababu zote zina tundu moja. Zinauficha mmea, hazimfichi mtu. Mmea unaweza kusimama kimya chini ya miti. Mtu lazima ale, anywe, akanyage njia, auze, na siku moja agombane na mwenzake juu ya fedha.

Sisi tuligundulika kwa sababu ya maji. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo ningependa mpwa wangu alisikie kabla ya habari za polisi. Ili mwanga ufike chini, mjomba na wenzake waliangusha miti mikubwa ya asili, mingine ambayo watu wawili wasingeweza kuikumbatia. Ardhi ya mteremko ikabaki wazi. Mvua ya kwanza iliposhuka, kijito kinachopita chini ya kwetu kikawa rangi ya chai ya maziwa, na kilibaki hivyo kwa siku nyingi. Mama yangu alikuwa akichota hapo tangu usichana wake. Alirudi na ndoo, akaiweka chini, akanitazama, akasema, "Huko juu kuna watu wanalima." Hakusema zaidi. Wanawake wote waliochota pale walikuwa wameshalijua jambo hilo kabla ya ofisa yeyote.

Maji hayo hayaishii kwetu. Mto Ruvu unatoka katika milima hii, na sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam ni ya Ruvu. Serikali iliutangaza Uluguru kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Niliwahi kuona jambo hilo kama njama ya kutunyima ardhi ya mababu, na hasira hiyo naielewa kwa kijana yeyote mwenye robo eka iliyochoka. Lakini nimeiona ile sehemu tuliyoifyeka. Mpaka leo kuna kovu, na udongo wa juu umekwenda wote na maji.

Polisi walikuja mwaka 2018, alfajiri, na walijua njia. Mimi nilikuwa nimeshuka kufuata unga. Mjomba alikimbia, na tangu siku hiyo hajawahi kulala katika nyumba yake mwenyewe. Binamu yangu alikamatwa akiwa na panga na sufuria ya uji. Yule tajiri wa mjini, aliyetoa mbegu na fedha, hakutajwa popote, na hata kama angetajwa hakuna kati yetu aliyelijua jina lake kamili. Binamu yangu alihukumiwa miaka 30. Shangazi aliuza mbuzi, kisha mabati ya jiko, kulipia wakili na nauli za kwenda mahakamani. Sasa anakwenda gerezani kumtazama mara mbili kwa mwaka, akiwa na sabuni na dawa ya meno.

Kwa hiyo nazungumza na mpwa wangu juu ya sheria bila kumtisha, namweleza ilivyo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimuulizi mlimaji kama shamba ni lake au la tajiri. Aliyekutwa akilima ndiye mlimaji. Mwenye ardhi anayejua na kuruhusu naye ana kosa. Ukilima ndani ya hifadhi unaongeza makosa ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Na kama ungepita salama msimu mmoja, bei anaipanga yeye aliyekukopesha chakula. Utakwenda kumshtaki wapi akikupunja? Mjomba alilipwa msimu wa kwanza chini ya nusu ya alichoahidiwa, na akashukuru, kwa sababu hakuwa na pa kulalamika.

Najua atanijibu nini, maana vijana wanasoma kwenye simu. Mbona Lesotho walianza kutoa leseni za kulima bangi mwaka 2017, mbona Malawi walipitisha sheria mwaka 2020? Ni kweli. Malawi iliruhusu zao hilo kwa ajili ya dawa na viwanda, kwa leseni. Leseni hizo zinadai mtaji, ulinzi na mnunuzi anayejulikana. Hakuna hata moja inayomhusu kijana aliyejificha porini na mfuko wa dagaa. Kama siku moja sheria yetu itabadilika, mjadala huo ufanyike bungeni na mchana. Binamu yangu hawezi kuungoja mjadala huo akiwa huru, na mpwa wangu asiingie kwenye foleni hiyo.

Sasa, nimwambie afanye nini? Ushauri wa "acha" peke yake haushibishi, nami ningeudharau kama ningeambiwa hivyo nikiwa na miaka 23.

Nilipotoka kwenye hofu ile nilirudi kwenye kipande cha mama, chini ya mpaka wa hifadhi. Ni mteremko wenye mifenesi mitatu, miembe na migomba. Nilikuwa nimekiona hakifai kwa sababu kina kivuli, mahindi hayapendi. Mzee mmoja wa Kinole ndiye aliyenifungua macho. Alitembea humo na fimbo yake, akagusa shina la mfenesi, akasema hapa pana shamba la pilipili manga tayari, limekosa pilipili tu.

Pilipili manga ni mmea wa kutambaa, unataka mti wa kuushika na kivuli chepesi. Nilikata vipando kutoka kwenye mashina yenye afya, kila kimoja na pingili tatu hadi tano, nikaviotesha kwenye kitalu chenye kivuli, kisha nikavihamishia shambani masika yalipokolea. Penye nafasi wazi nilipanda kwanza migliricidia iwe miti ya kushikia, kwa umbali wa mita mbili na nusu hadi tatu. Mti huo unaota kwa fito tu, majani yake yanarutubisha udongo, na ukiupogoa unaamua mwenyewe kivuli kiwe kiasi gani. Makosa yangu yalikuwa kuacha maji yatuame kwenye mashimo. Robo ya miche ilioza mizizi mwaka wa kwanza. Usichimbe shimo likawa bakuli. Rudishia udongo uwe kichuguu kidogo shinani.

Halafu unangoja, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Pilipili manga huanza kuzaa mwaka wa tatu, na kuzaa kwa maana ni baadaye zaidi. Miaka ile nilikula kwa ndizi, magimbi na maharage niliyopanda katikati, na nilibeba mizigo sokoni Morogoro. Sitaki kumdanganya mtu: ilikuwa njaa ya heshima, lakini ilikuwa njaa. Ukiona punje moja mbili katika kishada zimeanza kuwa nyekundu, chuma kishada chote. Anika juu ya turubai safi, si chini kwenye vumbi, kwa siku kadhaa za jua kali hadi punje ziwe nyeusi na ngumu. Kilo tatu mbichi zinakupa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo usihesabu fedha ukiwa bado unachuma.

Mdalasini niliupanda mpakani. Ukiukata wakati wa mvua gome linabanduka vizuri, na kisiki kinachipua tena. Mikarafuu inataka subira ya miaka sita hadi minane, hiyo nimeipanda kwa ajili ya watoto. Vanila nilijaribu nikaacha: ua linafunguka siku moja tu, inabidi ulichavushe kwa mkono asubuhi ileile, na maganda yanakaa karibu miezi tisa yakiwaita wezi. Aliye na nyumba katikati ya shamba ataiweza. Mimi nakaa mbali.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu nimewaona wenzangu wakilikosea. Viungo navyo visiwe sababu ya kuingia hifadhini kimyakimya. Kule Usambara Mashariki, watu walipanda iliki chini ya miti ya asili kwa miaka mingi. Kwa macho msitu ulionekana upo, kumbe chini walikuwa wamefyeka miche yote midogo, miti mikubwa ikabaki bila warithi, na baada ya miaka mazao yakapungua wakasogea mbele. Kilichoua kijito chetu ni panga na mteremko kuachwa wazi. Panga likishikwa na mkulima wa iliki linakata vilevile.

Na walanguzi wapo huku pia. Watakuja wakati wa njaa kutaka kununua pilipili ikiwa bado kijani mtini, kwa bei ya kukudhalilisha, au watakupimia kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Tofauti ni kwamba mimi naweza kukataa kwa sauti. Naweza kubeba gunia langu hadi Soko la Chifu Kingalu, nikauliza bei kwa wafanyabiashara wanne, nikapiga picha mzani, nikagombana mchana kweupe. Mwaka jana tulikusanya mzigo watu sita tukauza pamoja, na yule mnunuzi aliyekuwa akinipunja akiwa peke yangu aliongeza bei bila mabishano.

Mama bado anachota pale pale. Kijito kimeanza kuwa cheupe asubuhi, isipokuwa siku za mvua kubwa.

Mpwa wangu, njia ya juu naikumbuka yote, hata jiwe la kupumzikia, na sitakuonyesha. Nitakachokuonyesha ni mpaka wako. Kile kipande cha bibi yako kilicho juu ya mifenesi hakina mtu, na ukoo umeshakubali ukipewe. Vipando mia moja na ishirini viko kitaluni, vimeshashika. Njoo kabla masika hayajakolea, uje na jembe na fito za mgliricidia kutoka kwa mama yako, unga nitanunua mimi. Na yule mtu wa mjini akipiga tena, mwambie umeitwa shambani na mjomba wako.