Hedhi Ikipoteza Ratiba, Dawa Ifuate Tarehe

Swali ninaloulizwa sana na wenzangu tukishamaliza kikoba, sauti zikiwa zimeshushwa, ni hili: "Dada, hivyo vidonge vyako vya usiku unavianza lini, na siku zako zenyewe hazieleweki?"

Vidonge hivyo ni vya projesteroni, sehemu ya tiba ya homoni ninayotumia nikielekea ukomo wa hedhi. Navianza tarehe 1 ya mwezi. Damu ije, isije, tarehe 1.

Miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi, ovari hazizimiki kwa mkupuo. Mwezi huu zinafanya kazi kupita kiasi, mwezi ujao zimenyamaza. Ndiyo maana mtu hukaa siku 60 asione kitu, kisha akaona mara mbili ndani ya wiki tatu. Ndiyo maana pia ukishavuka miaka 45 kupima homoni kwenye damu hakusaidii sana. Leo majibu yanasema hivi, wiki ijayo vile. Kipimo cha mimba ni habari nyingine. Hicho pima, umri usikudanganye.

Mwenye kizazi anayetumia tiba ya homoni hupewa vitu viwili. Estrojeni ni ya kila siku, iwe kidonge, jeli au kiraka cha kubandika. Hiyo ndiyo inayotuliza lile joto linalokufanya utupe blanketi usiku wa Julai, Dodoma nzima ikitetemeka kwa upepo. Projesteroni yenyewe inalinda ukuta wa kizazi, kwa sababu estrojeni ikiachwa peke yake huunenepesha, na huko mbele saratani inaweza kuanzia hapo. Kwa ambaye bado anaona siku zake, projesteroni humezwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, kisha inaachwa, na damu kwa kawaida hufuata. Kuimeza mfululizo ni kwa waliomaliza mwaka mzima bila hedhi. Ukiwahi, ovari zinaingilia kati na matone hayaishi.

Sasa ukisema usubiri hedhi ndipo uhesabu, nayo imeamua kupotea miezi miwili, umetumia estrojeni miezi miwili bila mlinzi. Mimi nilichukua kalenda ya ukutani, zile tunazogawiwa Desemba, nikazungushia kwa kalamu nyekundu tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi, kama nilivyoandikiwa. Siku ya damu naweka alama ya x. Damu ikinikuta katikati ya vidonge, namalizia vilivyobaki. Na ninavimeza nikiwa tayari kitandani. Projesteroni niliyopewa inaleta usingizi, usiimeze ukiwa bado unasonga ugali.

Kalenda hiyo nenda nayo kwa daktari baada ya miezi mitatu. Kuna mwenzangu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ambaye alama zake zilikuwa zinaangukia kabla ya vidonge kila mwezi. Daktari alitazama karatasi, akamsogezea tarehe. Bila karatasi angeeleza nini? "Natoka tu damu ovyo"?

Damu kuchezacheza miezi mitatu hadi sita ya mwanzo si ajabu. Inayojaza pedi kila saa, inayotoka baada ya tendo la ndoa, au inayoendelea ovyo baada ya miezi hiyo, hiyo haisubiri kalenda. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mtaani utaambiwa "ni umri tu". Damu isiyojulikana chanzo ichunguzwe kabla hujaanza homoni yoyote. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au damu kuganda kwenye mishipa, asiige ya jirani. Mimi wananiona mchoyo kwa kutotaja jina la dawa yangu, na nitaendelea kuwa mchoyo.

Halafu, vidonge hivi havizuii mimba. Kitanzi chenye homoni hufanya kazi zote mbili, kinazuia mimba na kulinda kizazi, ukabaki na estrojeni tu bila hesabu za tarehe. Kwa dada zangu wanaoshinda kwenye treni kati ya hapa na Dar ni nafuu kubwa. Cha shaba hakilindi kizazi dhidi ya estrojeni. Kama ulishawekewa kitanzi, muulize mhudumu ni kipi kabla hujaacha projesteroni.