Pacha wawili, mikondo miwili

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa pacha wasichana, naishi Bombo. Walipofika darasa la tatu, shangazi yao aliyeko Kampala alijitolea kumsomesha mmoja, Babirye, katika shule ya binafsi iliyo jirani naye. Nakato alibaki nami akasoma shule ya serikali. Katika mtihani wa darasa la saba Babirye alipata jumla ya 11, na Nakato 20. Sasa wote wako kidato cha pili katika shule moja ya sekondari, lakini Babirye yuko mkondo wa A na mwenzake yuko C. Nakato ameacha kabisa kushika daftari la hesabu. Nikimuuliza ananiambia, “Mama, sisi wa C hatuna haja nayo.” Mwalimu wao amenieleza kwamba kila mtoto amewekwa panapomfaa. Je, ni kweli? (Nalongo, Bombo)

JIBU: Nalongo, mwalimu huyo hakukudanganya, ila amekujibu nusu. Anachokiita “panapomfaa” kimetokana na karatasi moja ya matokeo, na karatasi hiyo inapima mambo mengi kwa pamoja. Kama unavyojua, mtihani wa PLE, yaani ule wa taifa wa kumaliza darasa la saba, una masomo manne na kila somo hupewa gredi kuanzia 1 hadi 9, kwa hiyo jumla iliyo bora kabisa ni 4 na iliyo mbaya kabisa ni 36. Anayepata kati ya 4 na 12 huhesabiwa katika daraja la kwanza. Babirye ameingia humo, Nakato yumo katika daraja la pili. Sasa tazama njia waliyopita. Mtaala wetu unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, hasa vijijini, wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, kisha darasa la nne liwe la kuvukia Kiingereza. Shule nyingi za binafsi za mijini hazisubiri kivuko hicho, kwani huanza na Kiingereza tangu chekechea. Mtihani wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, hata ule wa hesabu, na mtoto anayeulizwa faida ya mchuuzi aliyenunua trei kumi za mayai na sita yakavunjika hana budi kuielewa hadithi kabla hajagusa tarakimu. Kwa hiyo, katika zile alama tisa zinazowatenganisha binti zako, sehemu ya akili na sehemu ya karo aliyolipa shangazi haziwezi kutenganishwa na mtu yeyote, wala na mkuu wa taaluma mwenye rula mkononi.

Rula hiyo naijua, kwa sababu niliwahi kuishika. Nilipokuwa nikifundisha, mwaka mmoja nilipewa kazi ya kupanga mikondo ya kidato cha kwanza usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule. Darasa la A lilikuwa na madawati ya wanafunzi 60. Nilipohesabu, wanafunzi waliopata jumla ya 15 walikuwa wengi kuliko nafasi zilizobaki, basi nikawapanga kwa herufi za majina yao na kupiga mstari. Waliokuwa na majina ya mwisho mwisho wa alfabeti wakaenda B. Hakuna mzazi aliyeuliza, na miaka minne baadaye tulikuwa bado tukiwaita “wale wa B” kana kwamba walizaliwa hivyo.

Hata hivyo sitakuambia kwamba kugawa wanafunzi ni dhambi kwa kila hali. Magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2005, watafiti walifanya jaribio katika shule za msingi 121: katika baadhi yake watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa uwezo, na katika nyingine walichanganywa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwashangaza wengi, maana katika shule zilizogawa, watoto wa kundi la chini nao walinufaika, kwa kuwa mwalimu aliweza kuwafundisha kuanzia pale walipo. Ila kuna jambo ambalo wapenzi wa mikondo hulisahau wanapotaja utafiti huo, nalo ni kwamba walimu walipangiwa makundi kwa kura ya bahati nasibu. Katika sekondari zetu nani anapiga kura? Mwalimu wa fizikia anayesifika hupelekwa A ili jina la shule litoke gazetini matokeo yakitangazwa, na C hupewa aliyeajiriwa muhula uliopita, au huingia maabara Ijumaa alasiri wakati betri za majaribio zimekwisha nguvu.

Usiende tena kumuuliza mwalimu kama Nakato ana akili. Waulize ni nani anayefundisha hesabu katika kila mkondo, C imeingia maabara mara ngapi muhula huu, na ni lini mtoto wa mwisho alipandishwa kutoka C kwenda B. Wakikosa jibu la swali la tatu, basi hiyo si ngazi, ni ukuta. Una haki ya kuuliza, kwa sababu katika mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 hakuna hesabu ya C: kidato cha tatu na cha nne kina masomo saba ya lazima, yakiwemo hesabu, fizikia, kemia na biolojia, na wote watakalia karatasi ileile ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. Tena asilimia 20 ya matokeo hutokana na kazi zinazopimwa shuleni, ambazo asiyefundishwa hawezi kuzirudia mwishoni.

Nyumbani, wakati wa likizo waketishe pacha wako meza moja na daftari la Babirye katikati. Mwache Babirye aeleze kwa Kiganda, Nakato aandike kwa Kiingereza.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu. Ninataka kuchanganya mikondo, lakini wazazi wa A wanatishia kuhamisha watoto. Nifanyeje? (Mwalimu, Arua)

JIBU: Mwalimu, usiliguse darasa lililokwisha kugawanywa. Anza na kidato cha kwanza kijacho: changanya wote, kisha tenga saa ya ziada ya hesabu na Kiingereza kwa wanaohitaji, na kila muhula wapime upya ili asiyeihitaji tena saa hiyo atoke. Walimu wako wazuri wape angalau madarasa mawili kila mmoja. Wapo watakaohama, lakini hawatakuwa wengi kama wanavyotisha, maana hata huko wanakokwenda karo haipungui.