Dema la Ami

Mhariri salaam. Swali lenu la wiki hii ni hizi gemu za kuigiza za mtandaoni, zile watu maelfu wanaingia ulimwengu mmoja kwa mpigo, ni nani hasa anazicheza na wanafuata nini huko. Mimi nina kibanda cha simu hapa Langoni, Lamu, nabadilisha vioo, naweka programu, nafufua simu zilizoanguka majini (hizo ndo nyingi, huu mji wa maboti), kwa hivo naona simu za watu na naona kilichomo ndani, na nawaambia wazi kwa sura ya mtu huwezi kujua. Mfano wangu mimi ni ami yangu.

Ami ana miaka 61, mvuvi tangu hajaota ndevu. Mwaka jana kusi ilipochacha mashua ikapandishwa juu akawa hana kazi, basi kila asubuhi yuko kibandani kwangu anakunywa kahawa yangu na kuwachambua wateja wangu. Siku hio nilikuwa nacheza Old School RuneScape. Kwa wasioijua, RuneScape ni gemu ya Waingereza, ilitoka 2001, ikabadilishwa badilishwa mpaka wachezaji wakalia wanataka ile ya zamani, ikapigwa kura na 2013 ikarudishwa vile ilivyokuwa 2007, halafu 2018 ikaingia kwa simu, na hapo ndo sisi wa mabando madogo tukapata mlango. Mtu wangu, yaani yule ninayemuendesha ndani ya gemu, alikuwa amesimama gatini kwenye kisiwa kinaitwa Karamja, na hapo mahali penyewe, wallahi sitanii, panaitwa Musa Point. Ami akachungulia.

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi Ami."

"Wafanyani?"

"Navua kamba."

Akaninyang'anya simu, akaivuta mbali na macho vile wazee wanavofanya, akaangalia kama dakika mbili hasemi kitu. Halafu akasema, "Dema hilo halishikwi na mtu akasimama nalo kama ateka maji kisimani. Dema lategwa. Watega, wenda zako, warudi kesho."

Kesho yake akarudi na simu yake, anataka na yeye awekewe.

Sasa sikilizeni. Gemu hii haikupi dema, huo mtego wa kamba, siku ya kwanza, mpaka ufike levo ya 40 ya uvuvi (levo ni daraja, inapanda kadri unavyovua), kabla ya hapo unapewa kijuya kidogo ukavue uduvi. Yaani mtu amekaa baharini miaka 40 na kitu, anajua miamba yote kuanzia Shela mpaka Kiwayu, anaambiwa na simu eti hajui kuvua aanze na uduvi. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka, aliona ni dharau na akaamua kuifuta hio dharau. Shida nyengine ilikuwa vidole, vile vidole vimekatwa na mishipi miaka yote hio vimekuwa na sugu, skrini haivitambui, abonyeze wee mtu wake amesimama tu. Mwishowe akagundua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakina sugu. Mpaka leo anachezea hicho hicho kimoja, kimeinuka kama mtu anayekunywa chai kwa madaha.

Alipofika 40 akapanda meli Port Sarim, bandari ya humo humo kwenye gemu, nauli sarafu 30, akafika Musa Point akaandika kwa chati ya watu wote, "Assalaam aleikum wavuvi." Nikamwambia Ami hapa watu hawaongei hivo, hapa watu wako kimya wanavua au wanatukanana. Kabla sijamaliza likatokea jibu, waalaikum salam, kutoka kwa mtu aliyevaa kofia ya rangi ya zambarau. Huyo alikuja kusema ni dereva wa lori Indonesia, anacheza akingoja mizigo bandarini. Kiswahili hajui, Ami Kiingereza chake ni cha kuuzia watalii safari ya pomboo, lakini wakawa marafiki, miezi wanavua bega kwa bega, mkoba wa gemu unashika vitu 28 tu ukijaa lazima urudi ukavihifadhi, basi wanaenda pamoja na kurudi pamoja kama watu wa chombo kimoja. Mara nyingi hawaandikiani chochote. Nilimuuliza Ami mnaongea nini akaniangalia kama mjinga, "tukivua?"

Mimi hapo ndo naona utamu wenyewe ulipo. Watu wanadhani ni mapanga na madude ya kuua, nayo yapo, World of Warcraft ya 2004 ina vita hasa na ilifika wachezaji milioni 12 wanaolipia mwaka 2010, si mchezo. Ila kuna huyu mtu anayeingia kusimama karibu na mtu mwengine, basi.

Yuko Mwingereza mmoja, Richard Bartle, yeye na Roy Trubshaw walitengeneza babu wa gemu hizi chuo kikuu cha Essex mwaka 1978, wakati huo hata picha hamna ni maandishi tupu. Huyu 1996 aliandika kwamba wachezaji ni kama karata, wana rangi nne. Uru ni wale wanaosaka mali na levo. Shupaza ni wachimbaji, wanataka kujua kila pembe kuna nini. Kopa wamefuata watu. Na pau, ambao kwa Kiingereza karata yao inaitwa rungu, wamekuja kuwapiga wenzao tu. Niliwasimulia wazee wa baraza la hapa jirani, wanaocheza karata kila baada ya alasiri, wakaanza kunyosheana vidole huyu pau, huyu pau, mpaka mchezo ukavunjika.

Dadangu ni uru. Yeye anashona kofia, zile za Kiamu za mkono kitobo kwa kitobo, kofia moja inakula miezi, na simu iko gotini anakata miti. Shona, bonyeza, shona, bonyeza. Kwenye gemu hii ukitaka levo 99 ya kazi yoyote unahitaji pointi 13,034,431, na ukifika 92 ndo kwanza uko nusu ya safari. Mimi nilikata tamaa nikiwa 70. Yeye anasema mbona ndo vile vile kofia ilivyo. Na mtu wake ni mwanamume ana ndevu mpaka kifuani, manake alianza na mwanamke, akawa anapewa vitu vya bure na watu asiowajua, halafu baada ya vitu maswali, uko wapi, umeolewa, nitumie picha. Akafuta akaunti akaja na ndevu. Kwa hivo mukihesabu wanawake kwa kuangalia picha za kwenye skrini, dadangu mutamkosa.

Mutafiti mmoja anaitwa Nick Yee alikusanya majibu ya wachezaji kama 30,000 kwa miaka mitatu, akatoa matokeo 2006, wa umri mdogo alikuwa na miaka 11 na wa umri mkubwa 68, na kwa wastani wanacheza masaa 22 kwa wiki. Ami alifurahi sana kusikia hio 68, akasema ana miaka saba ya kumfikia. Hayo masaa 22 lakini, hapo sitetei mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kurudishia mteja simu na vioo havijakaa sawa kwa sababu nilikesha, na mke wangu akisoma hii atasema 22 ni ya nani, weka yako.

Na wezi wapo pia. Kuna siku Ami alikutana na mtu sokoni, soko la gemu, anatangaza nipe sarafu zako nakurudishia mara mbili. Akampa kidogo kweli ikarudi mara mbili. Akampa zote. Mzee huyu huyu akipigiwa simu ya umeshinda zawadi tuma hela kwa namba hii anawatukana mpaka mama zao! Hakusema kitu siku mbili.

Nilitaka pia niandike juu ya Mats Steen, kijana wa Norwei, aliugua ugonjwa wa misuli tangu mtoto akafa 2014 ana miaka 25, wazazi wake wakidhani aliishi peke yake na kompyuta, walipotangaza kifo wakapokea barua za watu nchi kadhaa waliomjua ndani ya World of Warcraft, wengine wakaja mazikoni. Nilimsomea Ami. Akaniuliza mashua ya yule dereva wangu ikizama mimi nitaambiwa na nani? Nikamwambia Ami yule ni wa lori. Akasema ni mamoja.

Sasa kaskazi imerudi, bahari imetulia, Ami hana nafasi ya simu. Juzi usiku niliingia kwa akaunti yangu nikamkuta yule wa kofia ya zambarau, akauliza mzee yuko wapi wiki mbili hamuoni. Nikamwandikia kwa Kiingereza changu, mzima, ameenda kuvua kamba.

Kukawa kimya kidogo. Halafu akaandika, "Wapi? Mimi niko Musa Point tangu saa ngapi, mbona simuoni?"