Ana miaka miwili na nusu, ila kila mtu anamwona wa minne

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu, mrefu mno kwa umri wake. Wiki iliyopita alipimwa akawa na sentimita 99 na kilo 15 na nusu. Alizaliwa na sentimita 51, akafikisha 79 alipotimiza mwaka na 94 alipotimiza miwili. Mimi nina sentimita 172, baba yake 186. Muuguzi alisema hana tatizo, lakini mume wangu amesoma kwenye intaneti habari za watu waliorefuka mpaka wakaugua, na sasa hana raha. Anataka tumpunguzie chakula tuone kama kasi itashuka. Mimi wanaoniumiza ni watu. Akilia, naambiwa "dume zima hilo bado linalia?" Bado anajifunza kutumia choo, basi natazamwa kama mama mzembe. Nimefika mahali nikiulizwa umri wake naongeza mwaka, ili niepuke maneno. Juzi alininyooshea mikono nimbebe mbele za watu, nikamwambia, "Wewe mkubwa bwana, tembea." Akatembea. Usiku ule sikupata usingizi. Je, mwanangu ni mgonjwa? Na nifanye nini na watu?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale pale, kwenye neno "akatembea". Nitarudi hapo. Nianze na baba, kwa sababu hofu yake ina majibu yanayopimika, na lile la chakula halingoji.

Msimpunguzie chakula, hata kijiko kimoja. Mtoto wa umri huu ubongo wake, damu yake na mifupa yake vinajengwa kila siku, na mkimnyima mtakuwa mnavinyima hivyo. Mtapata mtoto yule yule mrefu, ila mwenye njaa na asiye na nguvu. Ni kweli kwamba mtoto akinenepa sana anaweza kurefuka mapema kuliko wenzake, lakini wako si mnene: kilo 15 na nusu kwa sentimita 99 ni uzito unaoendana na kimo chake. Mwili mrefu unadai zaidi. Aleni naye, na yeye ndiye aseme ameshiba.

Sasa hizo sentimita. Chati za ukuaji zinazotumika katika nchi nyingi zilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto waliolelewa vizuri, walionyonyeshwa, ambao mama zao hawakuvuta sigara, ili ionekane mtoto hukua vipi asipozuiwa na kitu. Kwenye chati hizo mvulana wa miaka miwili na nusu aliye katikati kabisa ana sentimita 92 hivi. Wako ana 99. Katika wavulana 100 wa rika lake, wawili tu hivi ndio watakuwa na kimo kama chake au kumzidi. Kwa hiyo ni mrefu kweli, sitakuficha. Hizo 99 ni kimo cha mvulana wa katikati mwenye miaka mitatu na miezi mitano hivi. Ndiyo maana mgeni akimtazama anakosea mwaka mzima, naye hana nia mbaya.

Ila alama moja kwenye chati haisemi mengi. Daktari anataka kuona mstari, yaani mtoto ametoka wapi, yuko wapi, na anaelekea wapi. Na wewe, pengine bila kujua, umeniletea mstari huo kwenye barua. Mtoto wa kawaida huongeza kama sentimita 25 mwaka wa kwanza, 12 hivi mwaka wa pili, kisha 8 au 9 mwaka wa tatu. Wako aliongeza 28, halafu 15, na katika nusu mwaka huu wa mwisho ameongeza 5. Mvulana wa katikati naye huongeza karibu 5 katika miezi hiyo hiyo sita. Umeona? Alipanda haraka miaka miwili ya mwanzo, sasa anatembea mwendo mmoja na wenzake, ila yeye yuko mbele yao.

Huko kupanda kwa mwanzo kuna sababu yake. Mtoto akizaliwa, urefu wake unategemea zaidi hali ya tumboni: kondo la nyuma lilimlisha vipi, nafasi ilikuwaje. Akishatoka, anaanza kuufuata urithi wa wazazi. Kati ya miezi sita na miaka miwili hivi watoto wengi huhama mstari, wengine wakipanda na wengine wakishuka, mpaka wapate wa kwao. Wako aliutafuta wa kwenu. Madaktari wana hesabu ndogo ya kukadiria kimo cha ukubwani: kwa mvulana jumlisha kimo cha baba na cha mama, ongeza 13, gawanya kwa mbili. Kwenu inatoka 185 na nusu, kukiwa na nafasi ya sentimita 8 hivi juu au chini. Wengine huchukua kimo cha miaka miwili wakakizidisha mara mbili. Kwenu itakuwa 188. Hesabu zote mbili ni za kukadiria tu, lakini zinagonga mlango mmoja. Baba mwenye sentimita 170 angepata mtoto huyu, ningesema nendeni mkaulize. Mumeo mwenye 186 amepata mtoto anayefanana naye.

Ugonjwa aliousoma upo. Mara nyingi huletwa na uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Ni ugonjwa adimu sana, na mtoto mwenye nao huonekana kwenye mstari: unapanda, unaendelea kupanda, hautulii. Mwonyeshe baba namba za mwanawe zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nadhani zitamtuliza kuliko maneno yangu, na kuliko maneno yako pia.

Hata hivyo kuna mambo ambayo mkiyaona msikae nayo nyumbani. Mtoto akishapita miaka miwili kisha kimo kikaanza kuruka mstari baada ya mstari kwenda juu, mpelekeni kwa daktari wa watoto. Vivyo hivyo mkiona dalili za balehe kabla ya wakati, kama nywele za sehemu za siri au harufu ya jasho la mtu mzima, iwe mvulana chini ya miaka tisa au msichana chini ya minane. Urefu ukiandamana na kichwa kikubwa na kuchelewa kutembea au kusema, au upande mmoja wa mwili ukiwa mkubwa kuliko mwingine, au vidole na mikono ikiwa mirefu na myembamba kupita mwili wenyewe, hasa kama kuna mtu katika ukoo mwenye tatizo la moyo au macho, daktari aambiwe. Akiona haja atapiga eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja na kifundo, aone mifupa ina umri gani ukilinganisha na umri wa mtoto. Wewe hujaniandikia hata moja kati ya hayo. Mpimeni tena akifikisha miaka mitatu: bila viatu, visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, macho mbele, kitabu kigumu kikilazwa juu ya kichwa, na alama ya penseli chini ya kitabu. Msimpime kila wiki. Mkifanya hivyo mtajitia presha bure, maana makosa ya kipimo peke yake yanazidi alichokua kwa wiki.

Sasa turudi kwa "akatembea".

Binti yangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo, mrefu, kichwa kizima juu ya wenzake. Alikuwa hajafika miaka mitatu nilipojifungua mdogo wake. Siku moja nilikuwa nimempakata mchanga, yeye akaja akasimama mbele yangu, akainua mikono yote miwili. Nikamwambia neno lile lile ulilosema wewe. Hakulia. Aliibakiza mikono juu kidogo, kama mtu anayengoja jibu jingine, halafu akaishusha mwenyewe, taratibu, akaenda kukaa. Ni miaka mingi sasa na bado naiona ile mikono ikishuka. Aliacha kuomba kubebwa, na watu walinisifu kwamba nina mtoto mwelewa. Hakuwa mwelewa. Alikuwa amekata tamaa, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kuona tofauti.

Ndiyo maana nakwambia, mwili wa mwanao una hatari moja ya kweli nayo haiko kwenye mifupa. Ni kwamba kila mtu anayemtazama atamdai miaka minne, naye mfukoni ana miwili na nusu. Akijitupa chini kwa hasira wataona utundu, wakati mtoto wa umri wake hawezi bado kuituliza hasira peke yake. Akijikojolea wataona uzembe, wakati watoto wengi huacha nepi za mchana kati ya miaka miwili na mitatu na zaidi, na mvulana wa miwili na nusu ambaye bado anajifunza yuko darasani kwake. Akimbwaga mwenzake mchezoni wataona uonevu. Kumbe ana mwili mzito na breki za mtoto mdogo. Hapo mfundishe kushika kwa upole, mshike mkono umwonyeshe, lakini usimwadhibu kwa ajili ya uzito wake.

Na wewe umeanza kumwongezea umri. Naelewa ulikotoka. Ila ukisema ana mitatu na nusu, umewapa watu ruhusa ya kumdai hiyo mitatu na nusu, na umeondoa utetezi pekee alio nao. Umri wake ndio unaomtetea. Utaje mapema, kabla hujaulizwa: "Huyu ana miaka miwili na nusu, amerithi kimo cha baba yake." Sema kwa sauti ya kawaida, usiombe radhi. Utashangaa jinsi nyuso zinavyobadilika. Yule aliyekuwa anamngoja ajieleze ataanza kuchuchumaa azungumze naye. Atakayeendelea kusema "dume zima", mjibu mara moja, "Ni mtoto mdogo, na amechoka," kisha umgeukie mtoto. Huna deni la maelezo zaidi. Akianza shule ya awali, mwambie mwalimu tarehe yake ya kuzaliwa kwa mdomo, usitegemee fomu, na umwombe asimpange na wakubwa kwa sababu ya kimo. Na mwanao asisikie kila siku "mrefu mno, mrefu mno". Watoto hawa huanza kujikunja mabega mapema.

Jambo jingine dogo, lakini lisikuponyoke. Mikono yake inafika ambako akili yake haijafika. Vitasa vya milango, dawa juu ya kabati, mpini wa sufuria jikoni, komeo la dirisha: pima kwa mkono wake na usiangalie umri. Kama bado analala kwenye kitanda cha kizimba, mtoe. Mtoto aliyepita sentimita 90 hivi anaweza kujirusha juu ya ukingo. Kiti chake cha gari kichagueni kwa kimo na uzito vilivyoandikwa kwenye kiti chenyewe. Nguo nazo nunua kwa kimo. Vitu vya kuchezea ndivyo pekee ununue kwa umri halisi, kwa sababu lile onyo la vipande vidogo kwa walio chini ya miaka mitatu linamhusu bado, hata kama anaonekana amelipita.

Kuhusu usiku ule uliokosa usingizi, usijitese. Umesema hivyo juzi, na leo umeniandikia. Mimi ilinichukua miaka. Mwanao bado atainyoosha mikono, leo jioni au kesho, pengine mbele ya watu wale wale. Kilo 15 na nusu ni mzigo, najua. Mbebe. Ukichoka, mpe baba yake, naye pia inamhusu.

Shangazi yako