Maswali na majibu: Vimeng'enya kwenye dawa ya meno

Nimeuziwa dawa ya meno yenye vimeng'enya vya kupambana na bakteria. Ni salama kuitumia kila siku? (Kondele, Kisumu)

Kwa watu wengi, ndiyo. Vimeng'enya ni protini, na baadhi yake zimo tayari kwenye mate yako. Kimoja, glukosi oksidesi, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo. Kingine, laktoperoksidesi, huichukua na, kwa msaada wa thaiosayaneti iliyo kwenye mate, hutengeneza kemikali inayowadumaza bakteria wa ukoga. Laisozimu nayo huvunja kuta za baadhi yao. Ukimeza kidogo, tumbo linazisaga protini hizo kama maharagwe.

Kinachoharibu mambo ni kuacha tyubu dirishani juani au ndani ya gari. Protini ikipata joto hugeuka kama ute wa yai kwenye kikaango, nawe unabaki kusugulia unga tu. Tena, kabla hujalipa, geuza tyubu uone kama ina floraidi, ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500. Hiyo ndiyo kinga ya jino. Vimeng'enya ni wasaidizi. Mwenye kinywa kilichokauka, kwa dawa anazomeza au mionzi ya shingo, ndiye ningemshauri alipie bei ya juu.

Mwanangu ana mzio wa mayai. Aitumie? (Nakuru)

Hapana, mpaka usome boksi. Laisozimu kwa kawaida hutolewa kwenye ute wa yai la kuku, na laktoperoksidesi kwenye maziwa ya ng'ombe. Ukiona "lysozyme", rudisha dukani. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja. Usingoje kuona kama itapungua.

Mbona haitoi povu? Ni feki? (Busia)

Povu ni sabuni. Sabuni kali hudhoofisha vimeng'enya, ndiyo maana watengenezaji wengi hawaiweki. Jino husafishwa na brashi, dakika mbili.

Meno ya wanangu yana madoa ya kahawia kwa sababu ya maji. Si heri niwape ya vimeng'enya isiyo na floraidi? (Bahati, Nakuru)

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Madoa hayo huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, takriban miaka minane ya kwanza, na chanzo chake kikuu ni floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa na ya kupikia uji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa hupita hapo. Halafu kuna anayechemsha akidhani ameyatibu! Maji hupungua sufuriani, floraidi inabaki, kwa hiyo unamnywesha makali zaidi. Kinga maji ya mvua, au tumia kichujio cha mkaa wa mifupa na ubadilishe mkaa ukichoka.

Mswaki wa mtoto usiuondolee floraidi. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Mitatu hadi sita, kiasi cha njegere, nawe umesimama hapo kuhakikisha anatema. Ateme tu, asisukutue kwa maji, maana kusukutua ni kuimwaga dawa kwenye karai. Na ile chai ya sukari baada ya mswaki wa usiku ikome. Hakuna kimeng'enya kinachoshindana nayo.

Jirani hupaka utomvu wa papai bichi kwenye jino bovu. Anasema ni kimeng'enya pia. (Kakamega)

Papaini ni kimeng'enya kweli, na ipo jeli yake ambayo daktari wa meno huitumia kulainisha sehemu iliyooza, kisha akaikwangua na kuziba. Utomvu unaotoka moja kwa moja kwenye papai hauna kipimo. Unachoma ufizi, na mwenye mzio wa glavu za mpira anaweza kuvimba. Hata maumivu yakitulia, shimo liko pale pale.

Jino limeshatoboka. Vimeng'enya vitaliziba? (Bondo)

Haviwezi. Nenda likazibwe wiki hii, kabla halijawa la kung'oa.