Kanuni au kinanda? Na maswali mengine ya wanaotaka kuanza muziki

Mwezi huu barua karibu zote zinauliza kitu kimoja, naanza na ala gani. Nimechukua nne, majina nimeyaacha kama kawaida yetu.

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mama wa Mwanakwerekwe, binti yangu ana miaka 10. Tangu aone kanuni, ile ala ya taarab ya nyuzi nyingi inayolazwa, ikipigwa kwenye harusi ya shangazi yake hatupumui nyumbani, ni kanuni asubuhi kanuni jioni. Nataka nimuandikishe chuo cha muziki pale mjini awe anaenda akitoka madrasa. Baba yake anasema kanuni ni ghali, tena ni mambo ya wazee wa kiume, bora kinanda ambacho hata mtoto akichoka tutakiuza. Tufanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam mama. Mwambie baba hoja yake ya kwanza ni kweli na ya pili siyo. Hiyo ya wazee wa kiume tuimalize haraka: Unguja kuna kundi zima la wanawake watupu, Tausi, la Bi Maryam Hamdani, wanapiga wenyewe na kuimba wenyewe. Siti Amina wa Siti and the Band anapiga udi (ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo na shingo fupi) huku anaimba, mwenzake Rahma Ameir yuko kwenye fidla (vayolini), na wote wamepitia DCMA, chuo cha muziki cha Stone Town, ambacho nadhani ndicho unachokisema. Kwahiyo mtoto wa kike na ala ya taarab si jambo geni tena, baba apumzike.

Sasa pesa, na mwili wa mtoto. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kila sauti moja ina nyuzi tatu zinazotakiwa zilie sawasawa kabisa, moja ikilegea tu unasikia kitu kinakwaruza ndani ya sauti. Maana yake kabla hajapiga chochote kuna kazi ya kutyuni na kazi hiyo haimalizwi kwa dakika mbili, tena kwa hapa kwetu na huu unyevu wa bahari ukimaliza leo kesho unaanza upya, kwa sababu daraja, kile kijiti kinachobeba zile nyuzi, limekalia ngozi (mara nyingi ni ya samaki) na ngozi ikinywa unyevu inalegea. Upande wake mrefu unakaribia mita 1. Mtoto wa miaka 10 anailaza mapajani au mezani, vidole vya shahada vyote viwili anavishwa pete na kuchomekewa risha (kile kipande cha kudonolea nyuzi), halafu mkono wa kushoto mbali na kupiga unatakiwa uwe unainua na kushusha vile vijiti vidogo vya pembeni vinavyobadilisha sauti kidogo kidogo, na hapo wimbo haujasimama unaendelea. Ni ngumu lakini watoto wanaiweza, tena ina jambo moja zuri sana ambalo fidla haina: ukigusa uzi siku ya kwanza unatoa sauti nzuri. Fidla miezi ya mwanzo inalia kama paka kakanyagwa mkia na wazazi wengi hapo ndo wanapokata tamaa kabla ya mtoto.

Kinanda je? Mi sina ugomvi na kinanda. Kwenye modern taarab kinanda ndo mfalme, kimekula kazi ya kanuni, ya fidla na ya kodiani zote kwa mpigo, na anayekijua hakosi kazi za harusi. Ila mjue kabla hamjanunua, kinanda cha kawaida hakina zile robo toni za taarab asilia, yaani sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya jirani. Ukipiga makam (ngazi ya sauti za Kiarabu) kama Rast au Bayati kwa kinanda cha kawaida unasikia imekuja nusunusu. Vipo vya Yamaha na Korg vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vinashusha hizo robo, ila bei yake siyo ya kile anachofikiria baba.

Ushauri wangu, msinunue kitu chochote kwa sasa. Mpelekeni chuoni muulize mambo mawili tu: mwalimu wa kanuni yupo na anafundisha siku gani, na kama kuna kanuni ya kufanyia mazoezi pale pale au ya kuazima. Kama yote mawili yapo mwacheni na kanuni yake, maana mtoto anayeitamani ala atakaa nayo hata siku ambazo vidole vinauma, na uliyemchagulia wewe utakuwa unamkumbusha mazoezi kila jioni mpaka mgombane. Kama mwalimu hayupo, basi mwanzisheni na fidla. Zipo saizi za watoto, robo, nusu na robo tatu, mnapima kwa kunyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja chake kizunguke kile kichwa cha fidla bila kujivuta. Sikio atakalolipata kwenye fidla atahama nalo akienda kanuni baadae. Na kwenye makundi fidla zinahitajika nyingi kwa pamoja, kanuni mara nyingi anakaa mmoja tu na asipostaafu huyo hamna nafasi. Hilo watu hawaliwazi. Kundi la taarab la Nadi Ikhwani Safaa la Unguja lipo tangu 1905 na hata kwao huwezi kukuta kanuni tano zimepangwa mstari.

SWALI: Mwalimu habari. Niko Temeke, nina miaka 41, nimepiga gitaa la rhythm kwenye bendi kwa miaka mingi. Sasa nataka udi. Je gitaa litanisaidia au nisahau kila kitu? Na nimeona udi unauzwa Stone Town una michoro mizuri sana, niuchukue?

JIBU: Kaka huo wenye michoro uuache hapo hapo ukutani. Nyingi ya hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mtalii akapambe sebule. Ukitaka kujua, weka jicho usawa wa shingo utazame nyuzi zilivyo juu ya ubao pale shingo inapokutana na tumbo, kama kidole chako kinapita chini yake huo sio udi wa kupiga, ni mazoezi ya gym. Halafu angalia daraja lililobandikwa usoni kama limeanza kubanduka kwa nyuma na uso wenyewe kama umebonyea. Zungusha vile vipini vya mbao vya kukazia nyuzi, vikiteleza kidogo chaki inatibu, vikiwa vimekatwa vibaya hamna dawa. Udi mzuri wengi wanaagiza kwa ndugu walioko Muscat au Dubai, unatoka Misri au Syria au Uturuki, na wa Kituruki una shingo fupi kidogo na sauti kali zaidi kuliko wa Kiarabu, sasa muulize mwalimu wako kwanza anafundisha kwa upi.

Gitaa litakusaidia mkono wa kushoto na litakuharibia wa kulia. Nyuzi za udi zimepishana sauti karibu kama za gitaa, kwahiyo kichwani ramani unayo. Zipo 11, tano ziko mbilimbili na moja ya besi iko peke yake. Ila freti, vile vyuma vya shingoni, hamna, kidole kikikosea kwa unene wa kucha sauti imeshatoka nje na kila mtu kasikia. Halafu risha ni ndefu na mkono unakunjwa kwenye kifundo cha mkono, unashuka na uzito wake, siyo ule wa kuchapa juu chini kama unapiga seben. Na jambo kubwa kabisa kwa mtu wa rhythm kama wewe: acha machodi, kule kupiga nyuzi kadhaa kwa mpigo. Udi kwenye taarab unafuata sauti ile ile inayofuatwa na fidla na kanuni, kila mtu anaipamba kivyake. Watu wa gitaa wanaona kama wanapiga kitu kidogo, wanaanza kujaza machodi kila mahali na mzee wa fidla anageuka kukuangalia.

Umri usikutishe. Boti ya Unguja asubuhi, somo DCMA mchana, boti jioni, watu wa Dar wanafanya hivyo kwa vipindi vya mmoja mmoja, ila piga simu kwanza, na uulize chuo kiko jengo gani kwa sasa maana kwa miaka mingi wengi tulikijua pale jengo la zamani la Forodha, Mizingani.

SWALI: Mambo mwalimu, nasoma Dodoma. Napenda ilimba ya kwetu Ugogoni, ile ala ya vyuma juu ya sanduku inayopigwa kwa vidole gumba, ila washkaji wananicheka wanasema nijifunze piano ndo muziki wa kimataifa. Naweza kuisomea ilimba?

JIBU: Poa mdogo wangu. Waulize hao washkaji ni mpiga piano gani wa Dodoma aliyerekodiwa na Real World, kampuni ya muziki ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, maana Hukwe Zawose alirekodiwa, na alikuwa na ilimba na zeze mkononi. Alifariki 2003 lakini alifundisha Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa ambacho siku hizi kinaitwa TaSUBa, na huko ngoma na ala za asili bado ni masomo kamili. Kajulie hali huko. Likizo ukirudi kijijini mtafute mzee anayetengeneza, ukae naye akikutengenezea, uone anavyosukuma chuma kikaingia au kutoka kidogo ili sauti ipande au ishuke na anavyobandika utando wa buibui kwenye tundu la sanduku ndo ile sauti ya kuvuma inatokea. Piano haina mtu wa kukuonesha hivyo, piano unaita fundi na unalipa. Ukitaka piano nayo soma, hazigombani.

SWALI: Ni mwanafunzi wa Mombasa, natumia mkono wa kushoto. Nigeuze nyuzi za udi?

JIBU: Mi nakwambia usigeuze, angalau mwanzo. Mkono wa kushoto ndo wenye kazi ngumu ya vidole kwahiyo wewe hapo una faida tayari. Ukigeuza inabidi ule ufupa wa juu wenye mifereji ya nyuzi uchongwe upya, na ukienda kwa mtu mwingine huwezi kuazima udi wake hata kwa wimbo mmoja. Kwenye fidla ni mbaya zaidi, ukikaa kwenye mstari wewe peke yako unavuta upinde upande mwingine mnagongana viwiko na jirani. Kanuni ndo haina shida hiyo, mikono yote inapiga. Ila mwambie mwalimu wako siku ile ya kwanza kwamba we ni wa kushoto, wengine wakigundua baadae wanafikiri unafanya kiburi.